Boti Inauzishwa na Nani? Mwenyewe, Komisionere na Historia ya Ziwa Tanganyika

Mtu akifika asubuhi kwenye bichi ya Uvira, ya Baraka ao ya Kalemie, atakuta boti zimevutwa juu ya mchanga, zingine zinashusha makala na mihogo, zingine zinangojea motere. Pengine moja kati ya hizo inauzishwa, lakini mgeni hataijua kwa macho. Mara nyingi hakuna karatasi iliyobandikwa wala neno lililoandikwa ubavuni. Akiuliza boti ni ya nani, watu watano watajibu pamoja, na mmoja atamshika mkono na kumvuta kando: «Papa, kuya huku, miye njo niko na ile mambo.» Huyo ndiye komisionere. Mwenye boti yuko kwake mbali, ao pengine amekaa pale pale chini ya mti, anatazama kimya kama vile jambo halimhusu.

Sisi tuliokulia kando ya ziwa tumezoea kusikia wazee wakisema kwamba zamani hakukuwa komisionere, kwamba mtu aliuza mtumbwi wake kwa mdomo wake mwenyewe, na hakukuwa udanganyifu. Tumeyasikia maneno hayo mara nyingi mpaka tukayaamini. Lakini tulipoanza kusoma maandishi ya karne ya 19 juu ya ziwa letu, na kurudia kuwauliza wazee polepole, tuliona kwamba mambo si hivyo kabisa. Mtu wa katikati ni wa zamani sana katika Tanganyika. Kilichopotea ni kitu kingine, na hicho ndicho tunataka kuzungumzia hapa.

Tuanze na mti. Mitumbwi mikubwa iliyosifiwa ziwani karne ile ilitoka upande wetu, sana sana Ugoma, nchi ya milima iliyo kusini mwa Ubembe na kaskazini mwa Kalemie ya leo. Huko kulikuwa na mivule minene. Wagoma waliangusha mti, wakauchonga ukawa mtumbwi mmoja mzima, kisha wakauteremsha mpaka majini. Kutoka pale uliuzishwa ng'ambo, kwenye soko la Ujiji, ambako hakukuwa miti ya namna ile. Mwaka 1871 Stanley na Livingstone walipotoka Ujiji kwenda kutazama mto Rusizi, walipanda mtumbwi wa mvule wa Ugoma. Basi msomaji aone: aliyeuchonga alikaa upande mmoja wa ziwa, aliyeuendesha alikaa upande wa pili, na kati yao kulikuwa maji, lugha na watu. Mtu wa Ujiji aliyetaka mtumbwi hakuwa na lazima ya kupanda milima ya Ugoma kumtafuta fundi. Alitafuta mtu anayejua mtu.

Kisa kilichoandikwa vizuri kuliko vyote ni cha mwaka 1858. Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji mwezi wa 2 mwaka ule. Walikuwa wamesikia habari za mto ulio kaskazini na walitaka kujua kama unaingia ziwani ao unatoka. Walihitaji chombo. Hawakutaka kununua, walitaka kukodi, lakini mambo ya bei na ya mtu wa katikati ni yale yale. Chombo cha tanga cha kufaa kilikuwa kimoja tu, jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, Hamid bin Sulayyim, aliyekaa kwenye kisiwa cha Kasenge karibu na pwani ya Uguha, upande huu wetu. Mwezi wa 3 Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi, katika mvua, akaenda kumwona mwenye mali uso kwa uso. Ndivyo wengi wetu tunavyoshauri hata leo: nenda kwa mwenyewe, usipite kwa mtu.

Hamid alimpokea kwa heshima, akampa mahali pa kulala na chakula, akamwambia jahazi liko, hakuna shida. Kiisha ikawa mabaharia wa kuliendesha hawako. Kiisha ikawa jahazi litapatikana baada ya miezi 3, kwa riale 500. Speke alirudi Ujiji mikono mitupu, karibu mwezi mzima umekwisha.

Ndipo Burton akaangukia mikononi mwa Kannena, mkubwa wa Kawele pale Ujiji. Kannena ndiye aliyepata mitumbwi miwili, aliyekusanya wapiga kasia, aliyepanga bei, na aliyesafiri nao. Alitoza nyaya za shaba, nguo na shanga, na njiani akadai tena. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton anamchora kama mnyang'anyi na mlevi. Sisi hatuna sababu ya kumtetea Kannena kwa kila jambo, lakini tunaposoma kisa hicho tukiwa watu wa ziwa tunaona jambo ambalo Burton hakulitazama. Kannena alipaswa kuwalisha na kuwalipa watu makumi kadhaa. Alijua ni kijiji gani watalala bila kushambuliwa, ni nani asalimiwe kwa zawadi, ni upepo gani usichezewe. Tarehe 26 mwezi wa 4 mitumbwi ile ilifika Uvira, mji wetu, na huko wana wa chifu Maruta waliwaambia wageni kwamba Rusizi inaingia ziwani. Kwenda mpaka mdomo wa mto wapiga kasia walikataa. Wageni walirudi Ujiji wakiwa hai, na safari ilikuwa imefanyika. Kwa mwenyewe mwenye jahazi walipata maneno matamu. Kwa mtu wa katikati walipata chombo, wakalipa sana.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1876, Stanley alirudi akaizunguka Tanganyika yote. Yeye alikuwa na boti yake, Lady Alice, na Mwinyi Kheri, mkubwa wa Ujiji, akamwazima mtumbwi mkubwa wa Ugoma bila malipo. Huyu walikuwa wamekwisha kujuana tangu 1871. Kujuana ndiko kulikoondoa bei.

Sasa, yapo mambo mawili yanayomtenganisha Kannena na vijana wa bichi ya leo. La kwanza, kila mtu alijua nyumba yake. Mtumbwi ukipasuka, wapiga kasia wakikimbia, ulijua mlango wa kugonga. La pili, yeye mwenyewe alipanda chombo alichokitafutia mteja. Komisionere wa leo hapandi.

Na uuzaji wa mtumbwi uliotumika, kati ya watu wa vijiji vya pwani, ulikuwaje? Hapa hatuna kitabu, tuna midomo ya wazee wa Uvira na wa Fizi, na tunayaandika kama tulivyoyasikia. Mtumbwi haukuwa mali ya mtu mmoja. Ulikuwa wa nyumba: baba alitoa kitu cha kumlipa fundi, ndugu walisaidia kuuvuta, watoto waliula samaki wake. Kwa hiyo mwenye kutaka kuuza alianza kwanza na kaka yake mkubwa ao mjomba wake. Bila hao, mtu yeyote angeweza kuja kesho kusema: «Ile bwato ni ya baba yetu, haiwezi kuuzishwa bila siye.» Mnunuzi naye hakuja peke yake. Alikuja na mtu wake, mara nyingi mvuvi mzee, ambaye aliinama akanusa mbao, akapiga kwa ngumi akisikiliza kama kuna uozo, akamwaga maji ndani kuona yanatokea wapi.

Kiisha muuzaji aliusema mtumbwi. Neno hili tumelipenda: kuusema mtumbwi. Alisimama karibu nao akaeleza mbele ya wote umechongwa na nani, umepigwa na dhoruba mara ngapi, umezibwa wapi, umewahi kupinduka ao hapana, na kama kuna mtu aliyekufa ndani yake. Kisha pombe ya mashahidi ikanywewa, na pesa ao mbuzi vikapita mkono. Mzee mmoja alituambia, akicheka, kwamba wauzaji walidanganya pia, wengine sana. Lakini kudanganya mbele ya mjomba wako na wavuvi sita wanaoujua mtumbwi ule tangu ulipokuwa mpya ni kazi ngumu.

Sheria ya wazungu haikuja kuvunja hayo moja kwa moja. Dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7, 1888 juu ya mikataba, iliyotoka wakati wa Leopold II na ambayo Congo imeendelea kuitumia, inasema mauzo yanakamilika pale watu wawili wanapopatana juu ya kitu na bei, na kwamba muuzaji anabeba ubaya uliofichika wa kitu alichouza. Babu zetu wasingeona ajabu. Kilichovuruga mambo ni vitu vilivyokuja baadaye.

Kwanza boti yenyewe ilibadilika. Mivule minene iliadimika karibu na maji, mafundi wakaanza kuunga mbao kwa misumari, wakiziba nafasi kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki walileta nyavu kubwa za kuzungushia ndagala na mikebuka, na motere zikaenea. Motere huwezi kuinusa kama mbao. Mvuvi mzee aliyejua kusikiliza uozo kwa ngumi hakujua kusikiliza pistoni. Palihitajika mtu mwingine, anayejua mashini, anayejua mahali pa kupata vipuri, na mtu huyo alitaka kulipwa.

Kisha ikaja tarehe 30 mwezi wa 11, 1973, siku Mobutu alipotangaza zairianizasio. Maduka, mashamba na kampuni za wageni vilipewa Wazaire walioitwa «acquéreurs», yaani wale waliojipatia. Mali ilihama mkono bila muuzaji, bila mashahidi, bila mtu wa kueleza kimeharibika nini. Vingi vilikufa haraka. Tunafikiri, na haya ni mawazo yetu, kwamba pale ndipo watu walipozoea kupokea kitu bila kuuliza kilikotoka.

Na pesa nayo ikawa adui wa muuzaji. Tarehe 25 mwezi wa 12, 1979, siku ya Noeli, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena, watu wakapewa siku chache na kiasi kidogo cha kubadilisha. Fikiria mtu aliyeuza boti wiki ile na kuficha pesa chini ya kitanda. Mwaka 1993 zaire mpya moja ikachukua mahali pa zaire milioni 3 za zamani. Tangu hapo boti ilianza kuhesabiwa kwa dola, na mtu wa kijiji asiyeishika dola kila siku alimhitaji yule wa mjini aliyejua bei ya leo asubuhi.

Vita vya 1996 na 1998 vilimaliza kilichobaki. Maelfu ya watu wa Uvira na Fizi walivuka kwenda Kigoma. Walioondoka waliacha boti ao waliziuza usiku kwa yeyote mwenye kitu mfukoni. Waliobaki walizinunua bila kujua. Mashahidi walikuwa Nyarugusu. Hapo komisionere wa bichi akapata nafasi yake kamili, kwa sababu yeye peke yake alibaki anajua, ao anadai kujua, boti gani ni ya nani.

Anafanyaje kazi? Mwenye boti anamwambia: mimi nataka dola 2,000 mkononi. Komisionere anamtajia mnunuzi 2,600. Wanashuka mpaka 2,400. Zile 400 ndizo «juu ya bei», na juu yake pengine anadai asilimia kwa kila upande, asante ya muuzaji na asante ya mnunuzi. Ndiyo maana hataki wakutane. Wakikutana, watalinganisha hesabu. Komisionere wawili ao watatu wakiingia kwenye boti moja, kila mmoja anaweka kidole chake, na mnunuzi analipa mkono mzima.

Tangu tarehe 12 mwezi wa 9, 2012 Congo imeingia katika sheria za OHADA, na sheria hizo zinatofautisha watu wawili ambao sisi tunawaita kwa jina moja. Kurtie ni yule anayewakutanisha tu watu ili wapatane wenyewe. Komisionere wa sheria ni yule anayeuza kwa jina lake mwenyewe kwa niaba ya mwenye mali, na anatoa hesabu. Yule wa bichi yetu anachukua tamu ya wote wawili. Hataki wakutane, kama komisionere wa sheria, lakini likitokea neno anasema yeye alikutanisha tu, kama kurtie.

Pamoja na hayo tusijidanganye kwamba kuuza mwenyewe ni raha. Mwenye boti akitangaza kwamba anauza, jioni wanafika wenye madeni, shangazi mwenye mgonjwa, na jirani anayesema umefilisika. Akija mnunuzi usiyemjua, atatoa akonti ya nusu, ataondoka na boti «kuijaribu», na ziwa letu liko na nchi nne. Ukimtafuta Uvira, yuko Rumonge. Ukimtafuta Rumonge, yuko Mpulungu. Tunawajua watu wenye akili waliopoteza boti hivyo, na walisema wangemlipa komisionere mara mbili ili wasiipoteze. Komisionere mzuri, na wapo, anajua nani analipa.

Tuseme sasa jambo letu. Mwaka 2009 sisi na ndugu zetu wawili tulichanga pesa tukanunua boti ya mbao ya mita 12, pamoja na motere. Tulipitia komisionere. Alikuwa mtu wa adabu, alitukaribisha chai, alituonyesha karatasi. Mwenye boti, alisema, yuko safarini. Tulipiga mbao ngumi, tulimwaga maji, tulimleta mekanisie kusikiliza motere. Kila kitu kilikuwa sawa. Karibu na pua kulikuwa kipande cha bati kilichopigiliwa juu ya ufa wa zamani, kazi safi.

Mwezi wa nne wa kufanya kazi, siku ya soko Baraka, mama mmoja mwenye beseni ya ndagala alisimama mbele ya boti akaishika ile bati. Hakupiga kelele. Aliuliza tumeitoa wapi. Kisha akasema: «Hii njo ilikula bwana yangu.» Ilikuwa imepinduka usiku na watu, saba hawakuonekana, na fundi aliyeweka bati alikuwa shemeji yake. Wasafiri wetu walisikia. Siku ile tulirudi Uvira na mizigo tu, bila abiria.

Tulimtafuta komisionere. Alitusikiliza mpaka mwisho, akajibu: «Muliniuliza bei. Hamukuniuliza historia.» Tulikasirika sana wakati ule. Avoka mmoja, rafiki yetu, alitueleza kwamba ubaya uliofichika wa sheria ni wa mbao na wa motere, na kwamba sheria haina mstari unaosema wafu ni ubaya wa boti. Hata hivyo tulifanya la kwetu. Tulikwenda kwa familia ya yule mama pamoja na wazee, tukaketi, tukatoa kitu, maneno yakasemwa. Waliturudishia ruhusa ya kuendelea na kazi. Abiria wa Baraka hawakurudi wote.

Mwaka 2012 tuliiuza, na safari hii tuliuza wenyewe. Mnunuzi alikuwa kijana wa Mboko. Tuliwaita wazee wawili na mvuvi mmoja, tukaisema boti: mbao, motere iliyofunguliwa mara mbili, bati, usiku ule, watu saba. Kijana alinyamaza, akaomba ruhusa, akaondoka. Tulifikiri imekwisha. Siku ya tatu alirudi na mama yake. Mama alisema mtoto amemweleza, lakini yeye anataka kulisikia kutoka kwetu. Tulirudia yote tangu mwanzo. Aliuliza majina ya waliokufa. Tulijua matano tu. Alitaka tupunguze dola 300 na tukapunguza.

Wakati pesa zinahesabiwa, komisionere mmoja wa bichi ambaye hatukumwita akatokea, akasema ni yeye aliyemwonyesha kijana njia ya kufika kwetu. Kijana alikubali kwamba ni kweli, alimwuliza njia. Mzee mmoja akacheka, akamwambia aketi. Tulimpa chupa ya pombe kama wengine, na jina lake likaandikwa chini ya karatasi, la mwisho kati ya mashahidi.